Mdhamini Si Mtu wa Meza Kuu

Jioni moja ya kusi, miaka sita iliyopita, nilipokuwa nimeketi barazani kwangu Ngamiani, mjini Tanga, nikingoja adhana ya magharibi, alinijia kijana niliyemfundisha hesabu alipokuwa darasa la sita. Akaniamkia kwa adabu ile ile ya zamani, akakaa ukingoni mwa baraza, na baada ya kuniuliza hali yangu na ya watu wa nyumbani, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa katibu wa kikundi cha sanaa kinachowafundisha watoto wa mitaa yetu ngoma, maigizo, na kupiga udi, fidla na kanuni, katika nyumba kongwe ya bati iliyoachwa na mzee mmoja mpenda taarab. "Mwalimu," akasema, "tumekuja kukuomba uwe mdhamini wetu. Kazi hakuna. Ni sahihi yako tu, na siku ya sherehe utakaa meza kuu." Nikavaa miwani nipate kuuona mstari wa kutilia sahihi, na mistari mingine sikuisoma. Nikatia sahihi, kijana akashukuru, akaenda zake, nami nikabaki na furaha ya mtu aliyekumbukwa uzeeni.

Nimeianza makala yangu kwa aibu hii kwa kuwa nadhani nina wenzangu wengi ndani yake. Katika miji yetu hakuna jumuiya ya sanaa, hata iwe ndogo kiasi gani, isiyokuwa na orodha ya wadhamini wake, na aghalabu waliomo katika orodha hiyo ni watu wenye hadhi: mwalimu mstaafu, mfanyabiashara, diwani wa zamani, sheikh au mchungaji, na pengine mama mmoja aliyetiwa ili isisemwe kuwa wanawake wamesahauliwa. Waulize mmoja mmoja, kwa faragha na kwa upole, kikundi chao kina shilingi ngapi benki siku ya leo, hati ya nyumba yao imewekwa wapi, na mara ya mwisho walipokutana bila ya kuwako mgeni rasmi ilikuwa lini, nawe utaona jinsi mazungumzo yanavyogeukia habari za mvua.

Kosa hili, kwa maoni yangu, mzizi wake umo katika neno lenyewe. Kiswahili, kwa ukarimu wake, kimelipa neno mdhamini watu watatu wa kulivaa. Wa kwanza ni tajiri au kampuni itoayo fedha za mechi ya mpira au za tamasha, ikatundika jina lake uwanjani ili waliohudhuria walione. Wa pili ni yule aendaye mahakamani kumwekea dhamana ndugu yake aliyeshitakiwa, akaacha hati ya shamba au akafunga ahadi ya fedha mbele ya hakimu, hali akijua kwamba ndugu akitoroka, yeye aliyebaki ndiye atakayeulizwa. Wa tatu ndiye niliyekuwa mimi jioni ile: mtu ambaye jina lake limeandikwa serikalini kuwa mmoja wa washika mali ya jumuiya, mali isiyo yake na asiyoweza kuirithisha wanawe. Jamii yetu imezoea kumhesabu huyu wa tatu kuwa ndugu wa yule wa kwanza, mtu wa jina na wa kiti cha mbele, tena anayetazamiwa kutia mkono mfukoni mchango ukipungua. Ilhali kwa kila hali udugu wake ni na yule wa pili, aliyeiweka nafsi yake rehani kwa ajili ya mwenendo wa mtu mwingine.

Udugu huo niliutambua mwezi wa tatu baada ya sahihi yangu, ilipoletwa barua ya kudai kodi ya pango la ardhi la kiwanja cha kikundi, malimbikizo ya miaka minane, nayo haikuandikiwa katibu wala mwenyekiti bali wadhamini. Nikamwita kijana wangu, nikamwomba daftari la fedha. Akaniletea mfuko wa rambo. Ndani yake mlikuwamo stakabadhi za nyuzi za kanuni, vipande vya karatasi vyenye hesabu za chai na maandazi ya watoto, hati ya malipo isiyo na tarehe, na picha ya harusi ambayo mpaka leo sikujua ilifikaje humo. Fedha za kikundi hazikuwa benki, kwa maana akaunti ilikwisha kufungwa kwa kukaa bila kazi. Zilikuwa katika simu ya mkononi ya mweka hazina, zimechanganyika na fedha zake za kuuza mitumba. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari, nami nilikuwa nimewafundisha watoto methali hiyo kwa miaka thelathini na mitatu.

Nilipokaa na mweka hazina siku nne, usiku baada ya usiku, tukizipanga karatasi zile juu ya mkeka na kuzilinganisha na ujumbe wa simu, iligundulika kwamba hakula hata senti moja. Kinyume chake, mara kwa mara alikuwa ametoa fedha zake mwenyewe kuwanunulia watoto sare, na kikundi kikawa na deni kwake asilolidai kwa kuona haya. Lakini kabla ya usiku wa nne, mtu yeyote wa mtaani angeweza kumwita mwizi, na wawili watatu walikwisha kumwita hivyo, naye asingekuwa na jawabu. Hapo ndipo nilipotanabahi kwamba hesabu iliyoandikwa vizuri humstiri mwaminifu kabla hata haijamfichua mwizi, na kwamba mdhamini aachaye kuiuliza, kwa kudhani kuwa kuuliza ni kumtuhumu mtu, humwacha mtu mwema uchi mbele ya maneno ya watu.

Sheria yetu ya Tanzania Bara haikuliacha jambo hili katika giza. Chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, wadhamini wa jumuiya wakisajiliwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ofisi yake sasa imo katika Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, huwa mtu mmoja mbele ya sheria: mtu mwenye lakiri yake, awezaye kumiliki ardhi, kushitaki na kushitakiwa, na ambaye haifi nafsi yake kwa kufa mmoja wa waliomuunda. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Mzee aliyeiacha nyumba ile ya bati alikuwa na watoto saba na wajukuu nisioijua idadi yao, na kama angeiacha kwa mdomo mikononi mwa rafiki, leo ingekwisha kugawanywa vyumba, au kuuzwa, au kuwa kesi. Kwa kuwa iliandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, imebaki nyumba ya watoto wa ngoma. Walakini uzima huo wa kisheria una sharti lake: akifa mdhamini au akihama, ofisi ijulishwe na mwingine aandikwe mahali pake. Sisi tulikuwa watano katika orodha, na nilipozichunguza karatasi nikakuta kwamba wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa, mmoja wao miaka mitano kabla, na bado walikuwa wakihesabiwa katika akidi ya vikao.

Wazee wa pwani hawakungoja sheria hiyo ili wajue maana ya kuishika mali ya wengine, kwani walikuwa nayo wakf. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab alipopata ardhi huko Khaibar alimwendea Mtume kutaka shauri, na kwa shauri alilopewa ardhi ile ikafungwa isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na mazao yake yakawa ya mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni. Katika habari hiyo mna sharti moja dogo ambalo wengi hulipita mbio: msimamizi wa mali hana lawama akila humo kwa kiasi cha wema, maadamu hajilimbikizii. Naona sharti hilo limetazama mbali. Lilijua kuwa msimamizi naye ana tumbo na ana njia ya kutembea, na likamkataza kitu kimoja tu, kuigeuza amana kuwa chumo.

Ndiyo maana sina ukali juu ya nauli na chai ya kikao kama walivyo baadhi ya wenzangu, lakini nina ukali juu ya posho. Desturi ya kulipana kwa kukaa, ambayo tumeirithi kutoka semina na warsha, imeingia hata katika vikundi ambavyo fedha zake zote kwa mwaka hazizidi bei ya pikipiki moja, na imezaa ajabu hii: wadhamini hukutana mara nyingi mwaka wa ruzuku, wakajadili mambo yasiyohitaji kujadiliwa, kisha ruzuku ikikauka, mwaka ambao shauri lao lingefaa kuliko miaka yote, haonekani hata mmoja. Nawajua wafadhili waliolia kwamba fedha za kununulia ngoma ziliishia kuwa fedha za kuijadili ngoma. Na kwa upande wa pili, mfano wa nyumba za wakf za Mji Mkongwe wa Unguja watuonya kwamba usafi wa nia peke yake hautengenezi paa. Nyumba nyingi ziliwekwa wakf na watu wa kheri; lakini kodi zake zilipokuwa ndogo hata zisitoshe chokaa na boriti, mvua zilifanya ambalo nadhiri ya mwenye kuweka wakf haikuweza kulizuia. Amana hutaka ikhlasi, na baada ya ikhlasi hutaka fundi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini nayasema haya juu ya sanaa, hali misikiti, makanisa, shule na zahanati vyote vina wadhamini wake. Nayasema kwa sababu mali ya sanaa ina tabia ya kipekee: sehemu yake kubwa haionekani, na ile ionekanayo ni dhaifu kupita kiasi. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, na chini ya daraja lake mna ngozi nyembamba, aghalabu ya samaki, ambayo unyevu wa pwani huipenda sana; iache ala hiyo miaka miwili katika chumba kisicho na mtu, nawe utakuta sanduku la kuni. Tanga ya miaka ya sitini na sabini ilikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoitia taarab sauti ya gitaa, na nyimbo zao zikavuka mipaka. Lakini mtu akitaka leo kuwaonyesha watoto wa kikundi chetu picha, sare au daftari la mashairi la enzi ile, hana budi kuanza kubisha hodi majumbani mwa watu, akiomba Mungu mjukuu asiwe amefungia vitumbua. Ufundi ulikuwapo, mapenzi yalikuwapo, na watu wa kupiga na wa kusikiliza walikuwa tele. Asiyekuwapo ni mtu ambaye wajibu wake, usiku wa onyesho ukiisha, ulikuwa kuuliza kitu gani kimewekwa wapi na kwa ajili ya nani.

Kinyume chake, tazama ng'ambo ya maji. Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja iliundwa mwaka 1905, ikapita enzi ya masultani, himaya ya Waingereza na Mapinduzi ya 1964, na hata sasa ingali hai. Nayo Culture Musical Club, iliyoanza mwaka 1958, imelea vizazi kadhaa vya wapiga ala. Sidai kuwa vyama hivi havikuona ugomvi wala ufukara, kwa maana hakuna chama cha wanamuziki kisichoviona. Nasema tu kwamba chama hakifiki umri huo kwa sauti nzuri peke yake: sharuti wawepo watu wa kukusanya ada, wa kufunga mlango, wa kuandika muhtasari, na wa kumwambia mwimbaji mashuhuri kwamba amplifaya haitoki bila kutiwa katika kitabu. Wala asiniambie mtu kuwa kazi ya daftari hainasibiani na kazi ya sanaa. Sheikh Shaaban Robert, fahari yetu sisi watu wa Tanga, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha tangu 1926 kwa karibu miaka ishirini; mkono uliopanga vina na mizani ndio uliopanga hesabu za ushuru.

Tena kuna jambo la fedha za nje, ambalo limewadanganya wengi kwa kuwa hufika na tabasamu. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kuupa mji wa Unguja sifa barani na ng'ambo, lilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, na likarejea mwaka uliofuata. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofungua milango mwaka 2002, kikasomesha kwa miaka mingi katika jengo la Forodha ya Kale mbele ya bahari ya Mizingani, nacho mwaka 2019 kilitangaza kuwa kimo katika hatari ya kufungwa, kwa kuwa wafadhili waliokibeba walikuwa wamepunguza mkono wao. Hizi ni taasisi kubwa, zenye watu wenye ujuzi na zilizojitahidi kwa jitihada iliyo bayana, nazo ziliyumba. Sembuse kikundi cha mtaani ambacho barua moja ya ubalozi ndiyo mvua yake na ndiyo kiangazi chake! Katika kikao chetu cha mwaka wa pili tulikubaliana, baada ya mabishano ya jioni tatu, kuwa sehemu ya kumi ya kila pato, liwe la harusi au la mfadhili, itawekwa akiba isiyoguswa mpaka itoshe kuwalipa walimu wa watoto miezi mitatu. Vijana walinung'unika kuwa wazee wanazika fedha. Ulipokuja ugonjwa wa korona, na harusi zikapungua na wageni wakakatika, akiba ile ndogo iliwalipa walimu wawili mpaka hali ilipotengemaa, na sikusikia tena habari za kuzika.

Kwa wale wanaodhani kwamba mambo haya ni ya nchi maskini, ningependa kukumbusha kisa cha Uingereza, nchi ambayo imekuwa na sheria ya mali za ihsani tangu 1601. Huko London palikuwa na shirika la kuwalea watoto wenye shida, Kids Company, lililoanzishwa mwaka 1996 na bibi mmoja mwenye moyo mkubwa na ulimi mtamu, Camila Batmanghelidjh. Shirika lilipendwa na mawaziri wakuu na watu mashuhuri, na mwenyekiti wa wadhamini wake, Alan Yentob, alikuwa mmoja wa wakubwa wa BBC. Mnamo Agosti 2015, siku chache tu baada ya serikali kulipa pauni milioni tatu, likafunga milango. Kamati ya Bunge iliyochunguza jambo hilo ilitoa ripoti mwaka 2016 ikasema kuwa dhima ya kwanza ilikuwa juu ya wadhamini, ambao walionywa mara nyingi kuwa shirika halina akiba ya kutosha. Wadhamini wale, waliokuwa watu wa kujitolea bila ujira, wakafikishwa mbele ya Mahakama Kuu ili wapigwe marufuku kuongoza makampuni; na mwezi wa Februari 2021 jaji akakataa ombi hilo, akatahadharisha kwamba watu wenye uwezo wasije wakavunjwa moyo wa kushika nafasi kama zile. Mwaka mmoja baadaye, tume inayosimamia mashirika ya ihsani ikasema kwamba palikuwa na usimamizi mbaya, kwa maana wadai, wakiwamo wafanyakazi wenyewe, walikuwa wakicheleweshewa malipo mara kwa mara.

Kisa hicho nimekitafakari sana, kwa sababu kimeyaweka mambo mawili pamoja bila ya moja kulifuta jingine. Watu wale hawakuwa wezi, na mahakama haikuwakuta na hatia ya kuwaondolea heshima yao. Na bado maelfu ya watoto walikuta mlango umefungwa. Kati ya uwizi na uaminifu kuna nchi pana sana iitwayo kuridhika, na wadhamini wengi wamepotelea humo. Mwanzilishi hodari, mwenye wito na mapenzi, anaposema kuwa fedha zitakuja tu kama zilivyokuja mwaka jana, yataka moyo mgumu kidogo kumwuliza, "Na zisipokuja, mama, mshahara wa walimu tutautoa wapi?" Yule anayeliuliza swali hilo huonekana hana imani, lakini katika baraza la wadhamini, huyo ndiye aliye upande wa watoto.

Hata hivyo, niseme pia juu ya mpaka wa kazi yetu, maana nimewahi kuuvuka. Mwaka wa tatu vijana walitaka kutia singeli katika igizo lao la sikukuu, nami, niliyekulia katika nyimbo zenye kituo na mizani, nikaona kuwa ni kuivunjia hadhi nyumba ya marehemu mpenda taarab. Nikapinga kikaoni kwa maneno mengi mazuri. Nilipokwisha, binti mmoja wa miaka kumi na tisa akainua mkono, akauliza kwa staha, "Shikamoo mwalimu. Katiba yetu inasemaje?" Katiba, niliyoipigania mimi mwenyewe iandikwe upya, ilisema kuwa mambo ya mchezo na nyimbo ni ya kamati ya sanaa. Nikakaa chini. Igizo likachezwa, watoto wakajaa mpaka barabarani, na mimi niliyekuwa mlangoni nikihesabu viingilio nilikuwa mahali pangu hasa. Mdhamini hapigi udi wala hachagui wimbo; kazi yake ni kuhakikisha kuwa udi upo, una nyuzi, na kwamba anayeupiga hatafukuzwa nyumbani kwa deni. Kadhalika, mwenzetu mmoja alipotaka kikundi kikapige bure katika harusi ya binti yake, usiku ambao mtu mwingine alikwisha kutoa arubuni, tulimwomba atoke nje wakati shauri lake likikatwa. Alilipa kama wengine, akatununia miezi miwili, kisha akarudi; na tangu siku ile hakuna mtu aliyeleta ombi la namna hiyo.

Nimesikia hoja moja dhidi ya haya yote, nami naiheshimu kwa kuwa ina ukweli. Husemwa kwamba kujitolea ni anasa ya mwenye pensheni. Kwamba mama anayeamka saa kumi za usiku kukanda unga, na kijana anayeendesha bodaboda mpaka usiku wa manane, hawawezi kukaa vikaoni kusoma mihtasari, na kwa hiyo mabaraza haya yatakuwa siku zote ya wazee kama mimi, wanaume, wenye nafasi na wenye kupenda kusikilizwa. Ni kweli, na ndivyo yalivyo mabaraza mengi. Ila dawa yake si kuwaacha wasiosoma hesabu wakatia sahihi, wala kuwalipa wenye nafasi ili waje. Dawa ni kukihamisha kikao kutoka saa za ofisi na hoteli yenye vitambaa mezani, kikafanyika barazani baada ya isha. Kumrudishia mtu nauli yake kwa stakabadhi na kumwekea chakula cha watoto aliokuja nao. Na zaidi ya yote, kuandika hesabu kwa Kiswahili kilicho wazi, katika ukurasa mmoja, ili asiyekwenda chuo aweze kuona ni kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka, na nani anadaiwa. Ukurasa huo sasa husomwa kwetu kwa sauti kila baada ya miezi mitatu, mbele ya wazazi na watoto, naye mweka hazina yule yule wa mitumba ndiye ausomaye, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya ndugu yake.

Katiba yetu sasa haimruhusu mdhamini kukaa zaidi ya miaka sita, kwa sababu kiti kisichoachwa hugeuka kitanda. Muda wangu waisha Desemba hii. Mahali pangu amependekezwa mama mmoja muuza maandazi wa barabara ya pili kutoka kwetu, ambaye binti yake ndiye anayepiga kanuni vizuri kuliko wote, na katibu wetu, kijana wangu wa darasa la sita, ambaye sasa nywele zimeanza kumwacha, alikwenda kumpelekea karatasi. Nilikuwa naye. Akamweleza kwa adabu yote kuwa ni sahihi tu iliyobaki. Mama akajifuta unga mikononi kwa kanga, akaipokea karatasi, akaitazama mbele na nyuma, kisha akairudisha.

"Nileteeni kwanza madaftari," akasema, "ya miaka hii yote sita. Nipeni na mwezi mmoja. Nikishayasoma, nitawaambia kama natia sahihi au sitii."

Kijana akanigeukia kwa haya, kana kwamba ananiomba radhi kwa niaba yake. Nikamwambia akayalete yote, na ule mfuko wa rambo pia.